Nilizima Moshi wa Mama

Nimekosa. Sitafuti wa kunitetea, nataka tu mtu anisikilize.

Mama yangu aliishi peke yake kijijini, jirani na Kalenga. Mimi nina duka la nguo mjini, Mwanjelwa. Kila nikienda kumsalimia namkuta kwenye jiko lake la udongo nyuma ya nyumba, anapuliza kuni, machozi yanamchuruzika. Niliona aibu! Mama za wenzangu wanapikia gesi, wangu ananuka moshi.

Nikamjengea nyumba yenye sakafu ya vigae, mlango mzito wa mninga, jiko la gesi. Lile la kuni nikalibomoa kwa mikono yangu.

"Mwanangu, niachie hata mafiga," aliniomba.

"Mama, acha ushamba!"

Ee Mungu, nilimwambia hivyo mama yangu!

Mama Yohana, kikongwe mwenzake wa ng'ambo ya bonde, alinisalimia kwa Kihehe, akanitania: "Kamwene, tajiri! Umemgeuza mwenzetu mzungu, hata moshi wake hatuuoni." Nikacheka. Nilidhani ananisifu.

Msimu wa baridi Mama alianguka, nyonga ikavunjika. Siku hiyo nilimpigia simu, haikupokelewa. Nikajiambia chaji imekwisha, nikaendelea kuuza.

Kesho yake ndipo Mama Yohana aliposikia kuku wakilia bandani, hawajafunguliwa. Yeye na majirani walipovunja mlango walimkuta kwenye vigae, wa baridi kama jiwe la mtoni, anapumua kwa mbali. Alipelekwa hospitali, hakurudi.

Msibani nilimfokea Mama Yohana. "Jirani gani wewe! Mtu analala chini kutwa kucha, huoni?"

Alinitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Baba, sisi wazee huku tunaangaliana kwa moshi. Moshi ukitoka asubuhi, tunajua mwenzetu kaamka. Usipotoka, tunakwenda kugonga. Ulipoleta gesi, tungejuaje?"

Nilikaa chini palepale, kwenye udongo.

Ule mlango, kwa ndani, chini kabisa, vanishi imebanduka. Mama aliugonga kwa fimbo yake ya kutembelea. Aligonga sana! Sasa hata dukani, mchana watu wamejaa, naisikia ile fimbo. Napunguza redio nisikilize vizuri. Wateja wananishangaa.

Wewe unayemjengea mzazi, jenga. Lakini kabla hujabomoa chochote, kaa na wazee wenzake uwaulize: mnajuaje kama mama yangu ameamka?

Mimi niliwauliza kama vigae vimependeza.