Mwiko wa Samaki wa Kukaanga

Mwaka niliotaka kuoa nilikuwa mwalimu huko Suna, na kifua changu kilikuwa kinawaka moto kila baada ya kula. Daktari alisema ni kiungulia, akanitajia vya kuacha: mafuta, nyanya, pilipili, ndimu, chai ya rangi. Nikamuuliza amenibakishia nini. Akasema ndizi za kupika, viazi, uji usiochacha na samaki wa kuchemsha, tena kidogo kidogo, na nisilale kabla chakula hakijashuka. Mchumba wangu, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, alicheka sana.

"Mimi nakuambia mapema," alisema. "Kwetu ukiacha samaki kwa sahani, umeacha na mimi."

Nilikwenda kujitambulisha kwao pamoja na baba yangu mdogo, mtu asiyewahi kugombana na chakula. Tukaketi sebuleni na baba mkwe. Kwa desturi yao mama mkwe hakai na mkwe akila, hivyo alibaki jikoni, nyuma ya ukuta mwembamba. Akaletwa samaki mzima aina ya ngege, amekaangwa akakauka, kisha akapikwa tena kwa nyanya na pilipili, mafuta yakielea juu. Nikamega ugali mtupu. Nikamega tena.

"Kijana," baba mkwe akasema, "hii samaki imekukosea nini?"

Ningesema ukweli, wangeona wanamwoza binti yao kwa mgonjwa. Basi nikadanganya, bila haya. Nilimwambia kwamba sisi Wakuria wa Kegonga tuna mwiko: bwana harusi hali samaki wa kukaanga ukweni mpaka ng'ombe wa mwisho wa mahari afike. Hula wa kuchemsha tu, bila nyanya. Baba mdogo alipaliwa na ugali, maana mwiko huo ulikuwa na umri wa dakika moja.

Baba mkwe hakubisha. Aliita jikoni, samaki mwingine akachemshwa kwa chumvi tu. Akala pamoja nami, eti kumheshimu mgeni, na aliniheshimu mpaka mifupa.

Nikajisifu kwa ujanja wangu miezi mingi. Ng'ombe walivuka ziwa kwa boti, mmoja mmoja, na kila nilipokwenda tulichemshiwa. Tatizo lilianza nilipotaka kumaliza. Mzee alimkataa ng'ombe wa mwisho. Mara nyasi hazijaota, mara boti ni mbovu, mara mwezi si mzuri. Bila yule ng'ombe hakuna harusi, na mchumba wangu alikuwa ameshashonesha gauni.

Siku moja nilimkuta mzee nyuma ya nyumba akitafuna odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito hutafuna kutuliza kiungulia. Hapo nikaelewa. Alikuwa na moto uleule wangu, na ng'ombe akifika, mwiko unakwisha na kikaango kinarudi jikoni. Nilikasirika sana, na sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Ziara iliyofuata nilijikaza tukiwa mezani. "Baba, naomba umpokee ng'ombe."

Kabla hajapata kisingizio, sauti ya mama mkwe ikapenya ukutani. "Mwambie mkwe wetu alete. Samaki nitaendelea kuchemsha." Akaongeza, "Nilipopeleka samaki Homa Bay, nilimuuliza mama mmoja wa Kegonga, anauza ndizi pale sokoni, kuhusu huo mwiko. Alicheka mpaka akakaa chini."

Nilitamani ardhi inimeze. Baba mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa kama ulijua, mbona ulichemsha?"

"Kwa sababu ile siku ya kwanza ulilala kitandani kama watu. Miaka yote kabla ya hapo ulikuwa unalala umekaa, unaniambia ni mgongo."

Mzee alichambua miiba sahanini kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lete huyo ng'ombe Jumamosi."