Aliyeitikia Hadithi ya Nkambo

Nilipokuwa mtoto pale Kapata, mtaa wa Kolwezi, hakuna aliyesikiliza hadithi ya Nkambo akiwa kimya. Kila alipovuta pumzi, mmoja wetu alipaswa kusema "Eyo", yaani ndiyo kwa Kiluba. Ukisinzia, alikugonga goti. Nkambo, mama mzaa mama yangu, alitufundisha kwamba hadithi isiyoitikiwa haikai hewani. Huenda kwa wafu kutafuta wa kuiitikia, na ikienda huchukua sauti ya msimuliaji.

Nilikuwa na miaka tisa Mama Ngoie alipokuja kwetu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Kolwezi na vijiji vya kando ya mto Lualaba, akirekodi hadithi za wazee kabla hazijapotea. Na kweli zilikuwa zinapotea. Watu walikuwa wamefika kwetu kutoka kila upande kwa ajili ya shaba na kobalti, na sisi watoto tulijua majina ya mawe zaidi kuliko majina ya babu zetu. Wenzake Nkambo, waliozaliwa naye karibu na Nzilo, ukingoni mwa mto ule, walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hadithi za ukingo ule zilibaki kinywani mwake tu.

Mama Ngoie aliweka kinasa sauti juu ya kigoda, akatuomba kwa upole sisi watoto tutoke, na mama anyamaze. Malori ya barabarani yalitosha kuharibu kazi, alisema. Alitaka sauti ya Nkambo peke yake.

"Sasa ni nani ataitika?" Nkambo akauliza.

"Mashini iko nasikia, Nkambo. Kiisha batu bengi batasikia."

"Iko nasikia, lakini haina kinywa."

Hata hivyo mgeni hakataliwi. Nkambo akajiweka sawa, akaanza hadithi ya kipofu aliyevusha watu Lualaba kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa nimejibanza nje, chini ya dirisha. Kipofu yule alimtaka kila abiria aimbe njiani, apate kujua kwamba amebeba mtu aliye hai. Siku moja akapanda abiria asiyeimba. Kipofu akamwuliza kama yupo. Hapo sauti ya Nkambo ikakwaruza, ikakatika. Nilichungulia. Mdomo wake ulikuwa wazi, mkono uko kooni, na hakuna kilichotoka.

Mama alisema ni vumbi la malori. Muuguzi akatoa dawa ya kikohozi. Wiki zikapita, Nkambo akiongea kwa mikono. Tata Kyungu, jirani yetu mwenye utani, alimwambia mama ashukuru, nyumba sasa imepata amani. Mama hakucheka. Mama Ngoie alirudi mara kwa mara na ndizi, macho mekundu, akisema yeye ndiye aliyeleta kimya ndani ya nyumba ile.

Wazo lilinijia nikiosha sahani. Ikiwa hadithi iliondoka kwa kukosa mwitikiaji, kipande chake bado kimo ndani ya mashini. Hakijafika mbali. Mama Ngoie alipokuja tena, nikamwomba aiwashe mbele ya Nkambo. Mama alinikemea nisichezee ugonjwa wa mtu mzima, lakini Nkambo alinyoosha kidole kwenye kigoda: iwekwe pale.

Sauti yake ikatoka, nzima, ya zamani. Ilipovuta pumzi, nikasema "Eyo." Kipofu akachukua kasia. Eyo. Akasukuma mtumbwi majini. Eyo. Mama, aliyesimama mlangoni kwa hasira, akaanza kuitika pamoja nami, kisha Mama Ngoie pia. Tukafika kwa abiria asiyeimba. Kipofu akamwuliza kama yupo. Ule mkwaruzo ukasikika, halafu malori tu. Nikasema "Eyo" ndani ya kimya kile, kwa nguvu, kama ninayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Nkambo akakohoa.

"Kipofu akageuza mutumbwi," alisema, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. "Akamurudisha kule alitoka."

Tuliitika sote, na Tata Kyungu, upande wa pili wa ua, akaitika bila kujua anaitikia nini.

"Kyungu," Nkambo akamwambia, "ulisema nyumba iko na amani? Kuja usikie."

Akaja, akaketi chini. Watoto wakaitwa waingie. Nkambo akaanza upya, tangu mwanzo, na safari hii Mama Ngoie alirekodi makelele yetu yote.

Sasa nina miaka kumi na saba. Shule yangu iliishia darasa la sita, mama alipougua, na kwa muda mrefu nilijiona mtu aliyeachwa kando ya njia. Leo Mama Ngoie hatoki kurekodi bila mimi, na kazi yangu ni kuitika. Kanisani watu huniuliza kama naamini wafu waliitaka sauti ya Nkambo. Muuguzi alisema koo hupona lenyewe, na huenda ni kweli. Mimi nilijifunza tu kwamba mtu hunyamaza asipoona wa kumwitikia, na kwamba hata mtoto anaweza kuitika.

Juzi, karibu na Kingamyambo, mama mmoja mzee alikataa kusimulia. Alisema hadithi zake zimekufa, wajukuu wote wako machimboni. Nilisogea mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwambia aanze tu, mi niko. Alianza kwa shaka. Tulipoondoka, majirani walikuwa wamejaa uani, na wote walikuwa wanaitika.