Icyansi cha Nyiramahirwe

Mama Donatille hakutaka mgeni aone jinsi nyumba ilivyokuwa tupu, kwa hiyo alitandika vitambaa. Kimoja juu ya meza ya kulia, kingine juu ya redio iliyokwisha kufa, na kile alichokifuma mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa masista akakitandika juu ya meza ya kuandikia ya marehemu mume wake. Halafu akavaa kitenge chake cha heshima, akafunga kilemba, akakaa kumngoja mtu wa kuja kuyatia bei maisha yake.

Ilikuwa mwaka wa 2009, katika kartie ya Murara, mtaa mmoja wa Goma. Mume wake Habarurema, mganga wa ng'ombe, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, siku zile watu wa Kibumba walipokuwa wakimiminika Goma na magodoro kichwani kwa ajili ya vita. Alizikwa haraka, wachache wakiwa makaburini, na jambo hilo lilimuuma mjane wake kuliko ufukara. Sasa tribunali, yaani mahakama, ilitaka mali ya marehemu ipimwe thamani na mtu wa kazi hiyo, ushuru wa serikali ulipwe, na kila mwenye haki apewe fungu lake. Watoto walikuwa wamesema mapema kwamba yao wanamwachia mama. Aliyebaki ni Célestin, mdogo wake marehemu. Sheria ilimpa fungu, naye hakukusudia kulisamehe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga. Ile ya kwanza ilimezwa na lava mwaka wa 2002, pamoja na kiwanja chake na mti wa parachichi. Katika vitu vilivyosalia, Mama Donatille aliombea kimoja tu moyoni: meza ile ya mbao za libuyu. Habarurema alikuwa akiandikia hapo ripoti zake za ng'ombe wa Masisi, jioni baada ya jioni, mpaka viwiko vyake vikaacha mabaka mawili meupe juu ya mbao. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, mjane alikuwa akija kuweka viwiko vyake palepale.

Mthamini alifika akifuatana na Célestin. Aliitwa Aubin, mtu mpole wa ofisi moja ya Himbi, mwenye kamba ya kupimia na kamera ndogo.

"Karibu, Papa Aubin," alisema Mama Donatille. "Hapa hatuanze na bei. Tunaanza na chai."

"Shemeji, chai itapandisha bei?" akauliza Célestin.

"Hapana. Itakuziba kinywa kidogo."

Aubin alicheka ndani ya kikombe chake. Baada ya chai akaanza kazi. Aligonga mbao kwa vidole, akapindua viti kuangalia miguu, akavuta droo za kabati na kuzinusa. Alipofunua redio aliuliza, kwa adabu kabisa, kama bado inaimba. "Iliimba zamani," akajibiwa. Kila kitambaa alichokiondoa alikirudisha mahali pake na kukinyoosha, na kwa hilo mama mwenye nyumba alimheshimu. Kwenye meza ya libuyu alikawia, akapitisha kiganja juu ya yale mabaka mawili, akasema ni kazi nzuri, mafundi wa namna hiyo wamekwisha.

"Meza hiyo nilibeba mimi na kaka," akasema Célestin. "Siku ya lava. Moto iko nyuma yetu, sisi na meza kichwani. Watu wakatuona wazimu."

"Na mimi mulinicheka," akasema Mama Donatille.

"Wewe ulikuwa umekumbatia chungu ya maziwa kama mutoto."

Ndipo Aubin alipogeuka kuangalia kibao kidogo ukutani, ambapo icyansi kilikuwa kimesimama: chombo cha maziwa cha mti, chembamba shingoni, chenye kifuniko kilichosukwa kwa nyasi nyeusi na nyeupe, kirefu kama kilele cha mlima. Alikishika kwa mikono miwili, akakipeleka kwenye mwanga, akakizungusha polepole.

"Mama, hiki kimechongwa kwenye mti mmoja, bila kiungo," alisema mwishowe. "Na kifuniko ni cha asili yake. Vya namna hii havipatikane tena. Kule kwetu Himbi kuna wazungu wa mashirika wanavitafuta kama dawa. Bei yake peke yake inapita vyote vilivyo humu."

"Hata meza?" akauliza Célestin.

"Hata meza, Papa. Mbali."

Célestin alivuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye karo za watoto na duka lililokufa. Alisema taratibu, kama anayebembeleza ng'ombe mkali, "Shemeji, basi mambo imekwisha. Mimi nichukue ile kitu. Wewe ubaki na meza, kabati, vyote. Siombe tena hata kijiko. Tunaandika leo, tunapatana."

Mama Donatille aliitazama meza. Ilikuwa imekwisha kuwa yake. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

Lakini pamoja na neno hilo ulimjia mlima wa Masisi wenye ukungu, ua wa miti ya miyenzi, na jirani yake Nyiramahirwe akiingia mbio, akikimbia vita, asubuhi ile ya mwaka wa 1996, furushi kichwani, mtoto mgongoni, na binti yake mkubwa akishikilia kitenge. Walikuwa wamekamua pamoja, wamezaa pamoja, wamegombana kwa sababu ya mipaka ya viazi na kupatana siku hiyohiyo. Nyiramahirwe hakukaa. Alimwekea icyansi mapajani, akasema, "Sina mkono wa kushikia hiki. Nichungie. Huyu mkubwa akiolewa nitakuja kukichukua. Usikiache kipoe." Kisha akatoweka mlangoni kama ukungu, na barua hazikuja, wala salamu, wala habari ya kifo. Tangu siku hiyo Mama Donatille alikuwa akikifukiza kwa moshi wa majani makavu, kama vinavyofukizwa vyombo katika nyumba zenye maziwa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa tena na ng'ombe hata mmoja.

"Ile haiko yetu," alisema.

Célestin akainua uso. "Namna gani haiko yetu?"

"Ni ya Nyiramahirwe. Alituachia."

Aubin alikirudisha icyansi kwenye kibao kwa uangalifu. "Mama, sikatae neno lako. Lakini kitu chenye kiko katika nyumba ya marehemu, tunakihesabu kuwa cha marehemu mpaka mutu aonyeshe vingine. Kuna karatasi? Kuna shahidi?"

"Watu hawaachiane icyansi kwa karatasi, Papa."

"Shemeji anaficha mali," Célestin alimwambia Aubin, bila kumtazama shemeji yake. "Siku ya lava aliacha vyote akabeba ile. Mutu anabeba cha mwingine?"

Maneno hayo, mbele ya mgeni, yalimpanda Mama Donatille mpaka kwenye kilemba. Hata hivyo hakupandisha sauti. Katika nyumba ile sauti haikupandishwa.

"Nilibeba kwa sababu haikuwa yetu," akasema. "Vya kwetu, viwili vyenye mama yangu alinipa nikiolewa, niliviacha viungue. Sasa nijibu, Célestin. Siku wakwe wa binti yetu Igihozo walikuja kuleta ng'ombe, ulitumwa wapi?"

Célestin alikuna goti.

"Ulitumwa wapi?"

"Kwa Mama Pascasie."

"Kufanya nini?"

"Kuazima icyansi."

"Na hiki kilikuwa wapi?"

Célestin alikitazama kile kibao. Siku ile wakwe walicheka kwamba mganga wa ng'ombe anawanywesha maziwa katika chombo cha kuazima, na yeye, Célestin, akiwa na aibu mpaka masikioni, alimvuta kaka yake pembeni na kumfokea. Mama Donatille alikuwa mlangoni akisikia.

"Kilikuwa pale," akasema Célestin. Kisha akaongeza, "Kaka alinijibu, hatuwezi kunywesha wakwe katika icyansi ya mutu mwenye yuko njiani kurudi."

Aubin alifunua kifuniko, akanusa. "Moshi tu," alisema. "Maziwa hayajaingia humu miaka mingi."

"Andika vile anasema," Célestin akamwambia. "Lakini meza inabaki ndani ya hesabu."

"Inabaki ndani," akasema Mama Donatille.

Ikawa hivyo. Vitu vilivyobaki vilipojumlishwa, fungu la Célestin halikuweza kutoka popote ila kwenye meza. Alikuja kuichukua wiki iliyofuata, na chukudu ya kukodi, baiskeli ile ya mbao ya kubebea mizigo, ikingoja nje kwenye mawe meusi. Mama Donatille aliondoa kitambaa mwenyewe, akaipangusa mpaka miguuni ili isitoke kwake ikiwa na vumbi.

"Usiipake verni ya kung'arisha," alisema. "Pale kwenye viwiko."

"Najua, shemeji." Célestin alikuwa ameshika pembe ya meza, lakini hakuinyanyua bado. "Na mimi nilimuona akiandika."

Chukudu ilipokwisha kushuka mtaa, chumba kilikuwa kikubwa kupita kiasi, na sakafuni kulikuwa na alama nne za miguu ya meza. Mama Donatille aliteremsha icyansi, akakiweka katikati ya alama hizo, karibu na dirisha linaloelekea njiani. Binti yule aliyeshikilia kitenge sasa alikuwa wa kuolewa, kama yuko hai. Akawasha majani makavu kwenye kigae, akakifudikiza icyansi juu ya moshi, akakaa kukishikilia mpaka kikapata joto mikononi mwake. Kisha akakifunika upesi, joto lisitoke, akafungua dirisha.