Siku Tulipoliandika Karasha Letu Kwenye Karatasi Moja

Mama yangu alikaa chini kwenye vumbi, mbele za watu, mwaka ule ng'ombe walipoamriwa kwenda josho. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonijia kila nikiikumbuka karatasi, ingawa mambo yenyewe hayahusiani, au mimi sioni yanavyohusiana.

Ilikuwa Kishapu, mimi mdogo, sijaacha bado shule, maana niliachia darasa la tatu. Baba, kama wanaume wengi wa kwetu, hakuweka ng'ombe wake wote nyumbani. Wachache walilala zizini kwetu, wengine aliwaweka kwa watu, huyu kidogo, yule kidogo, mpaka kwa binamu yake kule Songwa. Anayewatunza anakunywa maziwa, na ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yanapona. Tena jicho la jirani linakosa pa kutazama. Mama aliwajua wale wa nyumbani tu. Akiomba kitenge, baba anamwonyesha zizi: "Nikuuzie yupi hapo?" Mama anarudi jikoni, kwa sababu kweli, pale hapakuwa na wa kuuza.

Sasa wakaja watu wa mifugo wakasema ng'ombe wote wa eneo lile waletwe siku moja waogeshwe dawa ya kupe, na kila mtu asimame na wake. Vumbi lililotimka siku ile sijaliona tena. Baba akaanza kuwaita kwa rangi zao, nao wakawa wanatoka kwenye makundi ya watu wengine, wanakuja upande wetu, wanakuja, wanakuja tu, na mama amesimama na kibuyu cha maji kichwani. Ndipo akakaa chini. Kibuyu hakikuvunjika, alikishusha taratibu kabisa. Baba hakuwa amemdanganya, hakuna siku alimwambia hana. Ila ng'ombe wale walikuwa hawajawahi kuonekana mahali pamoja.

Basi. Maisha yakanipeleka upande wa dhahabu kama yalivyowapeleka wengi wa kwetu, pamba ilipotuchosha. Nilichoma chipsi, niliuza viatu vya mtumba, nilifuga kuku wakafa wote, hiyo tuiache. Mwisho nikaangukia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, barabara ya Biharamulo, si mbali na Buseresere. Na huko ndiko nilikokutana na wajina wangu.

Tulikuwa na jina moja, na kwao ni Kishapu kama kwetu. Alikuwa amechimba miaka mingi kabla hatujakutana, kifua kimeshaharibika kwa vumbi la mawe, akikohoa unageuka kutazama kama anapona. Na katika miaka yote hiyo alichopata ni baiskeli. Ukimuuliza, anakujibu bila uchungu wowote: "Sina bahati, wajina. Wenzangu wanayo, mimi sina." Bahati aliitafuta. Alipeleka mbuzi kwa waganga, mweupe, mweusi, mwenye baka usoni. Kuna kipindi aliambiwa asioge mpaka apate, akakaa bila kuoga mpaka wenzake wakamhamisha kulala nje. Hilo alikuwa akilisimulia mwenyewe, tunacheka mpaka machozi.

Karasha letu lilikuwa la watu watatu, mimi, wajina, na mama mmoja mjane mwenye injini ya dizeli. Kazi yenyewe ni hivi. Mchimbaji analeta mawe yake kwenye viroba, karasha linayasaga yanakuwa unga, unga unaoshwa pale tunapopaita mwaloni, maji yanapita juu ya ubao uliotandikwa blanketi, dhahabu inanasa. Mchimbaji anachukua dhahabu yake anakwenda. Mchanga unaobaki, ndio tunaouita marudio, ni wa mwenye karasha. Ndiyo desturi, tuliikuta. Halafu wenye mitambo ya kuchenjua wanakuja na malori kuyanunua yale marudio, maana dawa zao zinatoa dhahabu ambayo maji hayakuikamata.

Wajina ndiye aliyekaa mwaloni. Watu wengine wa kazi ile wanaficha dhahabu kwenye kucha, wengine kwenye nywele, lakini yeye alinyoa kichwa na kukata kucha ili kila mtu aone. Wachimbaji walikuwa wanapita makarasha ya watu, viroba mgongoni, jua kali, wanakuja kwetu. Nasema hili mapema ili lieleweke. Bila yeye, lile letu lilikuwa chuma tu kinachopiga kelele.

Ndipo likaja tangazo la mafunzo. Kikundi kitakachoweza kuieleza biashara yake yote kwenye karatasi moja, na ikaeleweka, kitafikiriwa kupewa karasha jipya. Tukaenda watatu, tumevaa vizuri, ukumbini ng'ambo ya barabara, tukakuta na vikundi vingine. Wajina alikuja na kofia yake ya Jumapili.

Mwalimu alikuwa binti mdogo, wa kumzaa kabisa, mpole. Akatuamkia, "Shikamoo," mmoja mmoja, akagawa soda, akabandika ukutani karatasi kubwa iliyochorwa vyumba vyumba. Chumba cha wateja, cha gharama, cha mapato, cha wanaotuletea mali, na vingine. Kila jibu analiandika kwenye kikaratasi cha njano chenye gundi, anakibandika kwenye chumba chake.

Mama mwenye injini akaikagua. "Nyumba ya vyumba vyote hivi, choo hakipo?"

"Choo si hicho cha gharama, mama," wajina akamjibu. "Humo ndimo dizeli yako inapoingia."

Ukumbi ukacheka. Tulikuwa tumekaa vizuri sana, nasema kweli.

Binti akatuuliza wateja wetu ni nani. Wachimbaji, tukasema. Akaandika, akabandika. Akauliza, "Makarasha ni mengi hapa. Kwa nini waje kwenu na siyo kwa jirani?"

Nikamshika wajina bega. "Kwa sababu ya huyu."

"Huyu mzee," mama akadakia, "ukisahau hata punje kwenye karai, anakukimbiza nayo barabarani, na kifua hicho!"

Watu wakapiga makofi. Binti akaandika: Uaminifu wa mzee. Akakibandika katikati kabisa. Wajina akainamisha kichwa. "Mnanisifia kama marehemu," akasema, lakini alikuwa amefurahi, nilimwona.

Tukaja chumba cha mapato. Tunasaga mawe, nikasema, tunalipwa. "Ile pesa ya kusaga, ukitoa gharama, inabaki nini?" binti akauliza.

"Haibaki," akasema mama. "Dizeli inakula, vyuma vya kusagia vinakula, fundi ndiye anakula kuliko wote."

"Sasa mnaishi kwa nini?"

"Marudio," nikasema, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake.

"Nani anayanunua?"

"Mwenye mtambo."

"Na ninyi mnayanunua kwa nani?"

"Hayanunuliwi, binti," nikamwambia. "Yanabaki tu."

Alisimama kidogo na kalamu mdomoni. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo naona vidole vyake vikikifanya. Akabandua kikaratasi cha wachimbaji kutoka kwenye chumba cha wateja, akakihamishia chumba cha wanaotuletea mali. Chini yake akaandika: Bure. Kwenye chumba cha wateja akamweka mwenye mtambo, peke yake. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akachora mshale kutoka kwa mchimbaji, ukapita kwenye uaminifu wa mzee, ukapita kwenye karasha, ukaingia kwenye marudio, ukaishia kwa mwenye mtambo.

"Sasa imekaa sawa," akasema. "Uaminifu wa babu unawaleta wachimbaji, wachimbaji wanaleta mali, na mali yenyewe ni ile wanayoiacha. Ni biashara nzuri sana hii, wazee wangu."

Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Kila kitu pale ukutani tulimwambia sisi wenyewe, na kila kitu tulikijua, mimi nilikuwa napakia malori yale kwa mikono yangu. Lakini nilihisi baridi, saa saba mchana, bati linawaka. Nikaiweka soda chini. Nikamtazama mama mwenye injini, naye alikuwa ameshika kitenge chake mdomoni.

Wajina hajui kusoma. Akainuka, akasogea karibu na ukuta, akaunyooshea kidole mshale. "Binti, mimi kabla ya karasha hili nilikuwa mchimbaji. Miaka mingi. Nilikuwa chumba kipi?"

Akamwonyesha. "Hiki hapa, babu."

"Hiki ulichoandika bure?"

"Ndiyo. Hicho."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Alikohoa, tukasubiri amalize. Halafu akauliza, "Na bahati iko chumba kipi?"

Watu wakacheka tena, maana walikuwa wamezoea utani wake. Binti naye akatabasamu. "Bahati haina chumba, babu."

Wajina akanigeukia. Macho yake siwezi kuyaeleza. Nimeona watu wakitolewa duarani, yaani shimoni, wazima baada ya kifusi, wanakutazama hivyo, hawajajua bado kama wametoka.

"Wajina," akaniambia, "wale mbuzi."

Nikayawaza marudio yake ya miaka yote ile, aliyowaachia wenye makarasha.

"Nionyeshe kilichoandikwa mimi."

Nikamwonyesha kile cha katikati, cha uaminifu. Akakibandua kwa ukucha wake mfupi, taratibu, karatasi kubwa isichanike, akakikunja, akakitia mfuko wa shati. Mshale ukabaki na shimo jeupe katikati. Binti akasema, "Babu, hicho tunakihitaji," lakini kwa sauti ndogo, akaishia hapo.

Mama akamwita, "Kaa, baba, tumalize, wenye kutoa karasha wanakuja kutukagua."

Wajina akachukua kofia yake kwenye kiti, akaivaa vizuri kama mtu anayetoka kanisani, akatoka mlangoni. Nilidhani anakwenda kujisaidia. Soda yake niliifunika kwa mkono inzi wasiingie. Kupitia dirishani nilimwona akivuka barabara, akipita mbele ya karasha letu ambako wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya viroba vyao wakimsubiri. Wakasimama kumwamkia. Akawaitikia, akaendelea kutembea, na hakurudi tena.