Springi za Watu Sita

Fundi wa Lodwar aliyeinua gari langu, lisikwame tena kwenye mito ya mchanga, aliniuliza jambo moja kabla ya kuchagua springi: "Mzee, huwa unabeba watu wangapi?"

Tangu mke wangu ahamie Kitale na watoto wetu wanne, nasafiri peke yangu. Niliona haya kusema. "Sita," nikajibu. Akafunga springi ngumu.

Njiani kuelekea Kakuma gari tupu lilinirusharusha hadi nikamtukana fundi wa watu bure. Nikasimama mtoni, nikajaza mchanga magunia matano, nikayapanga kwenye viti. Moja nililiweka mbele, kando yangu. Gari likatulia.

Kubadilisha springi ni kazi ya asubuhi moja. Sijarudi kwa fundi.