Udongo Ulioanguka na Ule Uliobaki Juu

Nilitumwa kwenda kuhesabu udongo. Tetemeko la ardhi lilikuwa limepita, kisha mvua kubwa zikanyesha, na milima ya upande wa Kirando ikaporomoka hapa na pale. Ofisi yetu ya Sumbawanga ilitakiwa kusema ni mita ngapi za ujazo zilizoanguka. Mimi, mpimaji ardhi kutoka Mbeya, nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku tatu juu ya jambo hilo. Kwa hiyo nilikuwa bingwa wa mkoa.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka, mimi na dereva wetu Festo. Njiani nilimweleza utaalamu wangu: unapiga picha kutoka angani, unapata ukubwa wa eneo lililoporomoka, unazidisha kwa kina.

“Na kina unakijuaje?”

“Unakikisia.”

Festo akaongeza sauti ya redio hadi Namanyere.

Saa tano tulifika kijijini. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Sabina, mjane ambaye shamba lake la ulezi lilikuwa limeteremka lote hadi mtoni.

“Shikamoo, mama. Nimekuja kupima udongo ulioanguka.”

“Marahaba, mwanangu. Huo umeshaanguka. Twende nikuoneshe ambao haujaanguka.”

Nilimweleza kwa heshima kwamba fomu yangu haina nafasi ya udongo wa namna hiyo. Akanishika mkono, tukapanda.

Juu ya nyumba sita, katikati ya mahindi, kulikuwa na ufa mrefu. “Siku ya tetemeko kiliingia kidole,” alisema. Akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani.

Nilimpigia simu bosi wangu. “Pima kilichoanguka,” alisema. “Hicho kingine tutakiandikia barua.” Wakati huo mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani.

Mama Sabina alikuwa amewaonya majirani wiki nzima. Walimjibu kwamba ana uchungu wa ulezi wake. Basi niliwaita uwanjani, nikainua kompyuta, ambayo ilikuwa imeishiwa chaji tangu saa sita, nikatangaza: “Kompyuta inasema mlima unashuka leo!”

Walihama wote, na magodoro na kuku, wakajaa kwenye kanisa la kigango ng’ambo ya mto. Mama Sabina akajitwika kapu la jirani yake.

Saa tisa mvua ilianza. Saa kumi na nusu tulisikia mngurumo, miti ikatembea ikiwa imesimama, na nyumba nne hazikuonekana tena. Hakuna aliyeumia. Mzee aliyekuwa wa mwisho kuhama alinikumbatia akilia: “Mashine hiyo ibarikiwe!” Mama Sabina alikuwa amesimama pembeni yetu, ameloa chapachapa. Hakuna aliyemshukuru.

Kesho yake tulirudi Sumbawanga. Bosi alilalamika kwamba hesabu imebadilika kabla ya kufika mezani. Nikaandika zote mbili, ya kabla ya mvua na ya baada yake, na penye chanzo cha taarifa nikaandika jina la Mama Sabina. Ripoti ilirudishwa ikiwa na swali kwa wino mwekundu: “Huyu ana elimu gani?”

Nilichojifunza kinanitia aibu. Familia sita zilipona kwa uongo wangu baada ya kuukataa ukweli wa jirani yao. Nami ningeukataa vilevile, kwa heshima zote, kama angeniachia mkono.