Generoza Hakufa kwa Malaria

Wiki moja kabla hatujakimbia, mimi na dada yangu Generoza tulishinda uani tukimenya mihogo. Mama alikuwa kwenye mkeka akichambua maharage, na Anitha, bintiye Generoza aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akiyachukua moja moja na kuyapanga mstari. Generoza alikuwa mtu wa kucheka. Mume wake alifariki kwa ugonjwa wakati Anitha bado ananyonya, naye akarudi nyumbani na mtoto wake na cherehani yake. Mimi nilikuwa katekista wa kigango chetu, huko Burundi, upande unaotazamana na milima ya Kibondo, Tanzania.

"Musaza wanje," aliniambia siku hiyo, yaani kaka yangu, "kusali unajua, lakini kumenya hujui. Lete kisu."

Redio ilikuwa ikitangaza maandamano na risasi mjini. Tuliizima. Ilikuwa mwaka 2015, na tuliona hayo ni mambo ya mjini.

Siku chache baadaye vijana wenye marungu walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiandika majina. Kisha nyumba ya jirani ikachomwa mchana kweupe, na wanaume wawili wakauawa shambani. Nilimwona mmoja wao. Alikuwa bado ameshika jembe.

Tuliondoka bila kufunga mlango.

Tulifika mto Malagarasi asubuhi ya siku ya tatu. Maji yalikuwa yamejaa kwa mvua za masika. Mtumbwi ulikuwa mmoja na watu tulikuwa wengi.

Nyuma yetu risasi zikalia.

Watu wakaurukia mtumbwi wote kwa pamoja. Ukapinduka.

Nilimkamata Mama kwa nguo. Generoza alikuwa amemshika Anitha mkono.

Alitoka majini peke yake.

Wenyeji wa Kumsenga, ng'ambo tulikotokea, waliteremka na miti mirefu, wakatafuta nasi mpaka jua likawa la utosi. Walisema Kiha, sisi Kirundi, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Hatukumpata mtoto. Mwanamke mmoja alimvua Generoza nguo zilizolowa, akamfunga kitenge chake mwenyewe, akamwambia, "Ihangane." Vumilia. Halafu akakaa chini kando yake na kulia, wakati dada yangu halii.

Mabasi yalituchukua hadi kambini, wilaya ya Kasulu. Tukapewa hema, masufuria na blanketi. Mama alijitahidi kupika. Generoza alikuwa akiketi mlangoni.

"Nilimwachia," aliniambia siku moja.

"Hukumwachia. Maji yalimchukua."

"Mkono ni wangu, Leonsi. Ninajua mkono huo ulifanya nini."

Nikamwambia asali rozari. Hilo ndilo nililokuwa nalo la kumpa, na nililitoa haraka, maana sikutaka aseme zaidi.

Zahanati ya kambi ilikuwa na daktari mwanamke kutoka Sri Lanka, aliyeishi Kasulu miaka kadhaa na kujifunza Kiswahili sokoni. Aliniita pembeni. "Dada yako anataka kufa. Ameniambia. Asikae peke yake, na mlete kwangu kila siku." Nilimpeleka mara mbili. Siku ya tatu niliona aibu. Watu walikuwa wameanza kusema dada wa katekista ana wazimu.

Siku ya mgao wa chakula nilikwenda kwenye foleni tangu asubuhi. Mama alikuwa amelala na homa. Kabla ya mchana jirani alinijia mbio na kunishika bega. Generoza alikuwa amejiua.

Kwetu, aliyejiua haliliwi. Watu hawakai ikiriyo, yaani matanga, na mwili huzikwa upesi mbali na makaburi ya wengine, ili bahati mbaya isiwarudie waliobaki. Majirani wa hema zetu walikuwa wema, walikuwa wametupa chumvi na kuni. Siku hiyo walisimama mbali. Mama alitoka hemani amejifunga blanketi, akawatazama, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu hana mtu wa kumlilia?"

Nilikwenda kwa mzee aliyesimamia jumuiya yetu ya Wakatoliki, Mkongo aliyekaa kambini miaka mingi.

"Ndugu Leonsi, mupadri hayuko," alisema. "Na mimi ndiye responsabule. Sheria tunaijua sisi wote. Mutu aliyejiua, hatumuimbii. Batu batasema nini?"

Maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe. Miaka miwili nyuma, jirani yetu kule Burundi, Salvatori, alijiua baada ya kunyang'anywa shamba. Mke wake alikuja kwangu kuomba sala na kengele ya kigango. Nilimwambia kwamba Mungu ndiye atoaye uhai, na kwamba siwezi. Alisimama pale mlangoni muda mrefu, kisha akaenda kumzika na kaka zake wawili.

Nilimkuta daktari anaosha mikono. Nilikuwa nimemwendea kwa ajili ya karatasi ya ruhusa ya kuzika tu, lakini nikamuuliza kama kwao nako waliojiua hawaliliwi.

Alikausha mikono kwanza. "Kwetu kulikuwa na vita miaka mingi," alisema. "Wapiganaji waliojiua ili wasikamatwe waliitwa mashujaa. Picha zao zilitundikwa barabarani, na watoto walizipelekea maua. Mama yangu mdogo alijiua baada ya wanawe kupotea vitani. Yeye hakupewa ua hata moja. Sisi ni Wahindu. Wazee walisema afanyiwe mazishi upesi, bila ngoma, na mbele za watu tuseme ni ugonjwa wa moyo. Jirani yetu alikuwa Mbudha. Dini yake nayo inasema kujiua ni kosa. Lakini alikuja na mtawa wake, wakakaa nasi siku nzima. Hawakusema kama ni kosa au si kosa. Walikaa tu."

"Na nyinyi mkaendelea kusema ni moyo?"

"Mpaka leo mama yangu anasema hivyo."

Alivua koti lake jeupe na kuja nami.

Tulimzika Generoza alasiri ile kwenye makaburi ya kambi, katika mstari mmoja na wengine. Mama alilia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Nilisoma sala zote za maziko, sikuruka hata moja. Nilipoanza kuimba niliimba peke yangu ubeti mzima, kisha nikasikia wanawake wa hema za jirani wakipokea. Yule mzee Mkongo alibaki nje ya makaburi, amevua kofia.

Padri alipokuja baada ya wiki tatu nilikwenda kuungama kwamba nimevunja sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sheria hiyo uliitoa wapi? Kanisa liliacha zamani kuwanyima sala watu hawa. Linawaombea."

Alidhani amenipa faraja. Mimi nilikuwa nikimwona mke wa Salvatori amesimama mlangoni kwangu. Sijamwona tena tangu tuvuke. Sijui kama yuko kambi za Kibondo, au alibaki, au kama yu hai.

Nimehesabu mara nyingi yale niliyoweza kufanya: siku ya tatu ambayo sikumpeleka zahanati, rozari niliyompa ili anyamaze. Daktari aliniambia pengine angekufa hata hivyo, na pengine asingekufa.

Ndugu wa ukoo wanaotutembelea huniuliza dada alikufa kwa nini, na binamu zangu waliotufuata kambini hujibu haraka kwamba ni malaria. Mimi husema, "Mtoto wake alizama Malagarasi, naye akajiua." Kisha huwaacha waamue kukaa au kuondoka. Wengine huondoka. Wanaokaa, Mama huwaletea kiti.